Mia Tatu ya Mombasa si Mia Tatu ya Nairobi

Wazee wetu, mama zangu, wauguzi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule karibu na mlango ili mchomoke mapema, hamjambo? Nawaona. Kaeni tu, sitawaweka sana.

Nimeitwa niseme habari za kupima mapafu, lakini nianze na maharagwe. Dada yangu aliolewa Likoni, kule Mombasa ufukweni. Akija kunitembelea Kayole, hapa Nairobi, siku ya pili lazima agombane na sufuria. Maharagwe aliyozoea kuyainjika adhuhuri na kuyaepua alasiri, huku kwangu magharibi inaingia bado magumu katikati. Mara ya kwanza akasema nimeuziwa ya msimu uliopita. Mara ya pili akalaumu makaa. Mara ya tatu, Mungu amsamehe, akanilaumu mimi kwamba sikuyaroweka. Ukitazama, maji yanatokota, mvuke unapanda, kifuniko kinacheza. Jicho linakuambia moto unatosha. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu, nayo huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Maharagwe hayana kosa, wala makaa. Kipimo cha dada yangu kilitoka Likoni, na hakuwahi kukiuliza kimetoka wapi.

Nimeombwa niseme jinsi mapafu ya mtoaji yanavyopimwa kabla ya kupandikizwa kwa mgonjwa, na jinsi ya kuyapima kwa haki, bila kubahatisha na bila kufuata moyo wa anayepima. Nimefanya kazi ya uuguzi katika wadi za wagonjwa mahututi hapa mjini miaka mingi. Kisu cha kupandikiza sijakishika, wala sitajifanya daktari mbele ya madaktari. Ninachokijua ni bomba la sindano, mashine ya kupumulia na fomu, na humo ndimo hukumu ya pafu inamoanzia.

Kwa wale ambao si watu wa hospitali: mtoaji wa mapafu mara nyingi ni mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa, pengine kwa ajali ya barabarani au mshipa uliopasuka kichwani, na moyo bado unapiga kwa sababu mashine inampulizia hewa. Hapa Kenya tumezoea habari za figo, na figo hizo kwa kawaida hutoka kwa ndugu aliye hai, anayerudi nyumbani na moja iliyobaki. Pafu ni shughuli nyingine. Figo imefungiwa ndani. Pafu limekuwa likikutana na nje tangu kilio cha kwanza: vumbi, moshi, vijidudu. Na zile siku za mwisho kitandani lina bomba kooni, makohozi yasiyokohoka, na maji ya dripu ambayo sisi wenyewe tumeyazidisha kwa nia njema. Ndiyo maana hata nchi zilizobobea katika kazi hii, kwa miaka mingi, zimetumia mapafu ya takriban mtu mmoja tu kati ya watano waliotoa viungo vyao.

Pafu la kwanza kupandikizwa kwa binadamu lilipandikizwa na James Hardy huko Mississippi, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa aliishi siku 18. Ikapita miaka 20, hadi Toronto, Kanada, mwaka 1983, ndipo akapatikana mtu aliyeishi miaka kadhaa kwa pafu la mwenzake. Muda wote huo, na kwa kweli hadi leo, neno la mwisho liko mikononi mwa mpasuaji. Anafungua kifua, anatazama rangi. Anapapasa kutoka ncha ya juu hadi kitako cha chini akitafuta vinundu na sehemu zilizokaza. Kisha anaagiza bomba la mashine lichomolewe kidogo, na wote chumbani wanatazama. Pafu zuri hushuka mara moja, kama puto lililofunguliwa mdomo. Pafu lililojaa maji hubaki limevimba palepale, zito, kama sponji ya kuoshea gari.

Mkono huo siudharau. Nimewaona mafundi wa kugonga tikiti maji pale soko la Wakulima, wakikuambia hili chukua na hili acha, na hawakosei. Ila mkono wa saa tisa za usiku si mkono wa saa tatu za asubuhi. Na mpasuaji aliyempoteza mgonjwa Jumatatu atalikataa siku ya Ijumaa pafu ambalo wiki iliyotangulia angelikubali. Hilo haliandikwi popote. Kwenye fomu litaandikwa neno moja tu, halifai.

Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya watafiti wa Marekani waliochukua jozi 29 za mapafu yaliyokwisha kukataliwa, wakayapeleka maabara. Wakapima maji yaliyomo ndani, wakapima uwezo wa pafu kuyaondoa maji hayo, wakaiweka nyama yake chini ya hadubini. Jozi 12 wakaona zingeweza kufaa. Kumi na mbili kati ya ishirini na tisa! Sisemi wale wapasuaji walikuwa wazembe. Walichagua kukosea upande ule ambao hauwaletei kesi wala kilio mlangoni. Anayekufa kwenye foleni akingoja pafu lililotupwa hajui kwamba lilikuwapo.

Basi vituo vikajiwekea alama za mtoaji anayefaa, ili kubahatisha kupungue. Awe chini ya miaka 55. Picha ya eksirei iwe safi. Asiwe amevuta zaidi ya pakiti moja ya sigara kwa siku kwa miaka 20. Kusiwe na usaha wala matapishi kwenye njia za hewa, kifua kisiwe kimepondeka, kundi la damu lioane na la mgonjwa. Na iko namba moja iliyokaa kwenye kiti cha mbele. Mtoaji hupewa oksijeni tupu, asilimia 100, mashine ikibakiza shinikizo la sentimita 5 za maji mwisho wa kila pumzi. Damu huchotwa kwenye ateri, mshipa unaopeleka damu yenye oksijeni mwilini. Oksijeni iliyomo ikizidi shinikizo la milimita 300 za zebaki, pafu limepita. Ikiwa chini ya hapo, maswali yanaanza, na mara nyingi simu inakatwa.

Sasa turudi jikoni.

Mombasa, ufukweni, hewa ina shinikizo la milimita 760 za zebaki. Toa 47 za mvuke wa maji ulio ndani ya kila kifua chenye joto, toa 40 za kaboni dioksidi, unabaki na 673. Hicho ndicho kiasi cha juu cha oksijeni kinachoweza kufika kwenye vifuko vya pafu la mtu anayevuta oksijeni tupu. Hapa Nairobi shinikizo ni kama 625. Toa 47 zilezile, kwa sababu joto la mwili halijui mwinuko, toa 40, unabaki na 538. Mtu hajaugua, hajavuta sigara hata moja, na tayari amepoteza 135 kwa kosa la kuzaliwa Pumwani, hapa mjini.

Walioandika maana ya kushindwa ghafla kwa mapafu, ile inayojulikana kwa jina la Berlin, ya mwaka 2012, hili waliliona. Waliweka maelezo kwamba mahali palipo juu ya mita 1,000, hesabu izidishwe kwa shinikizo la hewa la pale na kugawanywa kwa 760. Ukiitia 300 yetu katika hesabu hiyo, inashuka hadi 247 hivi. Kwa hiyo pafu lililotoa 260 hapa mjini linakataliwa na fomu iliyochapishwa ughaibuni, ilhali kwa hesabu hiyo lingetoa takriban 316 ufukweni na kupita bila swali. Naongeza haraka, kabla daktari wa usingizi aliyekaa pale mbele hajanyanyua mkono: hesabu hii si msahafu. Damu inayopita pafuni bila kukutana na hewa haitii kanuni ya kuzidisha na kugawanya, na pafu bovu ni bovu popote. Lakini kati ya hesabu yenye dosari na kutohesabu kabisa, mimi nachagua ya kwanza.

Na jambo hili lilinipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mahali ambapo sitapataja, tulipata daktari mgeni, kijana mpole aliyesomea mji wa pwani nje ya nchi. Alitaka kutuonyesha jinsi ya kuchota damu ya ateri bila kumuumiza mtu, akauliza nani ajitolee. Nikakunja mkono wa sare. Alichota vizuri, sina la kusema. Jibu likaja: oksijeni 73, kwa hewa ya kawaida ya chumbani. Jedwali lake lilisema 80 hadi 100. Nilimwona akigeuka rangi. Akaniambia keti, akaita oksijeni iletwe, akaniuliza kama nina historia ya kifua. Na mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimepanda ngazi ghorofa nne kwa sababu lifti ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita. Dada mkuu wa wadi akapita, akachungulia karatasi, akasema, "Daktari, huyu mzima. Hiyo ndiyo Nairobi." Kijana akacheka naye, na tangu siku hiyo alikuwa akiuliza mwinuko wa kila mji kabla ya kuuliza bei ya nyumba.

Tuseme sasa mwinuko tumeuhesabu. Je, namba imekuwa ya haki? Bado, kwa sababu namba hiyo imepita mikononi mwetu. Hapa wauguzi mnisikilize. Umechota damu ya mtu aliye kwenye oksijeni tupu. Ndani ya bomba la sindano kumebaki kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya mtama. Hukukitoa, kwa sababu simu inaita. Hewa ya kiputo ina oksijeni chache kuliko ile damu, basi damu inakigawia kiputo, na namba inashuka. Halafu bomba linakaa kwenye kisahani. Chembe za damu ziko hai, zinaendelea kula oksijeni iliyopo. Bomba lenyewe ni la plastiki, na oksijeni ikiwa nyingi hutoroka kupitia plastiki hiyohiyo. Mhudumu wa kulipeleka maabara amekwenda kuleta kiti cha magurudumu. Lifti mnaijua. Ikipita nusu saa, kinachosomwa kwenye mashine ni pafu pamoja na uzembe wetu, na karatasi inayotoka haitenganishi viwili hivyo. Ina desimali, ina mhuri, kila mtu anaiamini.

Na kabla ya bomba, kuna pafu lenyewe lililolala chali siku tatu. Sehemu za nyuma zimesinyaa, kipande cha kohozi kimeziba njia ya hewa ya upande mmoja. Ukipima hivyo ulivyolikuta, umepima kohozi. Vituo makini humfyonza mtoaji makohozi kwa kamera iingiayo kwenye koo la hewa, humpa pumzi chache kubwa za kufungua vifuko vilivyolala, hupunguza dripu, humgeuza, husubiri, kisha hupima tena. Na kifua kikishafunguliwa huchotwa damu kwenye kila mshipa unaorudi kutoka pafuni, mmoja mmoja, kwa sababu pafu la kushoto laweza kuwa bovu na la kulia likawa zima, na mgonjwa mmoja huko akafaidika na hilo moja. Sampuli ya ateri ya mkononi huchanganya yote mawili kama mchuzi.

Nije kwenye sigara, kwani hapa fomu inanichekesha. Pakiti kwa siku! Nani Kayole hununua pakiti? Sigara hununuliwa moja moja kibandani, inavutwa nusu, inazimwa, inatiwa nyuma ya sikio. Mke ukimuuliza atakuambia marehemu alikuwa anavuta "kidogo", na hasemi uongo. Kisha geukia upande wa pili. Mama wa miaka 50 kutoka kijijini amepika kwa mafiga matatu tangu akiwa na miaka minane, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Fomu inauliza: anavuta sigara? Hapana. Amepita, kwa alama zote! Wala hakuna aliyeuliza juu ya kuni, makaa au stovu ya mafuta taa. Ndugu zangu, moshi hauulizi kama ulitoka kwenye karatasi ya sigara au kwenye kuni mbichi.

Na moshi huo huacha weusi. Mtu wa mjini aliyekaa miaka mingi kando ya barabara ya matatu, au mama huyo wa mafiga, ukimfungua utakuta pafu lina madoa meusi juu kama kanga iliyomwagikiwa wino. Jicho lililozoea mapafu ya waridi litasema huyu alikuwa mvutaji mkubwa. Huenda ni hivyo, huenda sivyo. Weusi wa juu peke yake haukuambii kama vifuko vya ndani vimeharibika. Kwa hilo utahitaji picha ya CT, ile inayoonyesha kifua tabaka kwa tabaka, na mkono wa fundi, na ile damu iliyochotwa bila kiputo.

Kifua kikuu nakitaja kwa ufupi kwa kuwa mnakijua. Nchi yetu imo katika zile ambazo Shirika la Afya Duniani linaziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na anayepokea pafu atameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote. Kovu dogo kwenye ncha ya pafu, ambalo kwingine ni alama ya zamani tu, kwetu ni swali la kuulizwa mara mbili.

Ukubwa nao una hesabu yake. Pafu la mtu mrefu haliingii katika kifua cha mtu mfupi, basi hukadiriwa kwa kimo na jinsia. Mwanamume, zidisha kimo chake kwa mita mara 7.99, kisha utoe 7.08, wa mita 1.75 anapata lita 6.9. Mwanamke, 6.60 mara kimo, toa 5.79, wa mita 1.60 anapata lita 4.8 hivi. Mnajua kanuni hii ilitoka wapi? Kwa Jumuiya ya Ulaya ya Makaa na Chuma. Situngi. Wachimba makaa wa Ulaya walihitaji kupimwa vifua, hesabu ikafanywa, na leo inasafiri dunia nzima ikipanga nani apewe pafu la nani. Sina ugomvi na wachimba makaa. Ningependa tu kuona hesabu iliyopimwa kwa watu wa Turkana na wa Vihiga, ambao hata kimo cha kukaa na cha kusimama hawalingani.

Kuna mashine sasa inayojaribu kuutoa mzozo huu mikononi mwa watu. Stig Steen wa Lund, Sweden, ndiye aliyelipima pafu nje ya mwili kwa njia hiyo, kisha likapandikizwa kwa mgonjwa, mwaka 2000. Pafu hutolewa, huwekwa ndani ya kuba la plastiki, hupashwa joto hadi nyuzi 37, hupitishiwa maji maalumu kwenye mishipa na hewa kwenye njia zake. Linapumua mezani, peke yake. Wale wa Toronto walichapisha kazi yao ya namna hiyo mwaka 2011: mapafu 23 yenye mashaka, yakapumua mezani saa nne, 20 yakapandikizwa. Kinachonivutia si oksijeni peke yake, maana hiyo nayo inafuata mwinuko. Ni kwamba unaliona pafu saa baada ya saa: linakaza au linalegea, shinikizo la mshipa wake linapanda au limetulia. Ugumu wa pafu hausomwi kwa barometa, kile chombo cha kupimia shinikizo la hewa. Mtu aliyechoka usiku hupewa muda wa kutazama badala ya kukisia.

Mashine hiyo hatuna, na sikuja kuiombea harambee. Wakati wa pafu utakapofika hapa, sheria itatukuta na mahali pa kuanzia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima ya viungo na ridhaa. Itakayotukuta mikono mitupu ni namba. Tutachukua fomu ya watu, kwa kuwa hatukuandika yetu. Na jamaa watakaokuwa wamekubali, kwa uchungu mnaoujua, kutoa kilicho ndani ya kifua cha mtoto wao, wataambiwa hakikufaa. Hakuna atakayewaambia kilipimwa kwa hewa ya Mombasa.

Kwa hiyo naomba kitu kidogo kwenu mnaorudi wadini kesho. Kila karatasi ya gesi za damu iandikwe shinikizo la hewa la saa ile, saa iliyochotwa damu na saa iliyosomwa. Kwenye historia ya mgonjwa, chini ya sigara, ongezeni mstari kwa kalamu: anapikia nini, na jiko lina dirisha? Yeyote aliye kwenye mashine kwa sababu isiyo ya kifua, ambaye mapafu yake ni mazima, ni mwalimu wetu wa kawaida ya Nairobi, na hao tunao kila wiki.

Barometa nimeitundika nje ya ukumbi, kando ya meza ya chai. Asubuhi ilisoma 626. Kila mmoja aisome, aandike namba na saa kwenye daftari lililofungwa kwa uzi pale, kisha achukue mandazi. Nyinyi wa mlangoni ndio mtaifikia kwanza.